Chupa ya Dirishani

Mimi sina shida na mtu, lakini fundi mchafu ananitia kichefuchefu. Kazi mbaya naweza kuivumilia. Uchafu, hapana. Nikiuona, hata chakula cha mchana kinanishinda.

Jumatatu ile Mwalimu Filister aliingiza Probox yake kwa gereji yangu hapa Migori polepole, mkono mmoja kwenye handbreki. Ana shule ndogo ya chekechea, na kila asubuhi huzunguka akichukua watoto tisa kwa hiyo gari. Mourine wangu ni mmoja wao.

"Gichana, Jumamosi nilikuwa naenda matanga Homa Bay. Kushuka ule mteremko wa Rodi, nakanyaga breki, pedali inazama tu mpaka chini. Nilivuta handbreki nikaenda kujigonga kwa rundo la murram kando ya barabara. Nyathina, mtoto wangu mwenyewe, alikuwa kiti cha mbele." Akanionyesha bampa iliyokunjika. "Leo watoto wamekuja kwa miguu. Wengine hawakuja kabisa. Niambie ukweli, nitawapakia tena ama niiache hii gari?"

"Tulia, mwalimu. Breki haina uchawi."

Nikaketi kwa usukani nikakanyaga. Pedali ilikuwa laini, inabonyea. Nikaipampu mara tatu, ikapanda. Nikaishikilia kwa mguu dakika nzima, haikushuka, kwa hivyo masta, ile pampu ya breki, ilikuwa nzima. Nikaingia chini ya gari nikapapasa paipu zote na magurudumu yote manne. Kukavu kabisa, hakuna kuvuja.

"Asubuhi ikiwa baridi, inashika?"

"Inashika vizuri. Ikipata moto kwa mteremko ndiyo inapotea."

Nikafungua kile kitangi cha mafuta ya breki. Eish! Mafuta ya breki yakiwa mazuri unaona mpaka chini. Haya yalikuwa kama chai ya maziwa iliyolala siku tatu, na ute umeshika pembeni. Nikanusa. Sabuni! Nilitema mate pale pale. Mafuta ya breki yananuka sabuni, jamani?

Nikavuta kidogo kwa sindano, nikatia kwa kijiko, nikaenda kwa Mama Valary, jirani anayepika chapati, nikakiweka juu ya makaa yake. Mafuta safi hukaa kimya muda mrefu juu ya moto. Haya, hata sijapepesa macho, pah! Pah! Yanaruka, yanatoa mvuke. Mama Valary akavuta sufuria yake akinitukana.

"Ni maji," nikamwambia mwalimu, aliyekuwa amenifuata. "Kuna mtu amekutilia mafuta yenye maji. Breki ikipata moto, maji yanachemka, yanageuka mvuke, na mvuke unabonyea. Hapo unakanyaga hewa."

Nikatupa kijiko chini. "Ni mnyama gani huyu? Mtu anajua kabisa gari inabeba watoto, anatia takataka! Mtoto wangu anapanda hii gari! Mtu kama huyo hafai kushika hata pampu ya baiskeli. Ningemfunga kwa kiti cha mbele nimsukume mteremko wa Rodi na familia yake yote. Nitajie jina lake, mwalimu. Leo leo."

Mwalimu Filister aliniangalia bila kupepesa macho.

"Ni wewe."

Nikacheka. "Wacha mchezo."

"Mwezi wa tano ulinibadilishia pedi za breki. Tangu hiyo siku hakuna fundi mwingine amefungua hii boneti. Uliongeza mafuta kutoka kwa ile." Akanyoosha kidole kwa dirisha la gereji.

Pale dirishani kuna chupa yangu ya masazo. Nikitoa hewa kwa breki za wateja, mafuta yanayotoka nayakinga. Yakiwa na rangi nzuri nayachuja kwa kitambaa, nayarudisha kwa chupa, yatasaidia mwingine. Ndivyo aliyenifundisha kazi alivyofanya, nami nikaona ndio ujanja wenyewe. Chupa ilikuwa ya sabuni ya vyombo. Niliisuuza. Kifuniko kilipotea zamani, nikaziba na tambara. Dirisha lenyewe halina kioo, na mwezi wa nne mvua ilinyesha kama imelipwa.

Nikaenda nikaichukua. Nikatia kijiko kingine, nikakiweka kwa makaa. Pah!

"Hata hii yako inalia kama ile ingine," Mama Valary akasema, akigeuza chapati.

Niliangalia mikono yangu. Nilitamani kuivua niitupe. Maneno yote niliyokuwa nimemtupia yule mnyama yalikuwa bado yananing'inia kwa hewa, na hakuna mtu mwingine wa kuyabeba.

"Mwalimu, ni mimi," nikasema. "Nisamehe."

Akanipita, akaenda kuketi kwa usukani. Afadhali angenipiga kofi.

Niliyamwaga mafuta yote, ya gari na ya chupa. Nikaosha kitangi, nikafungua mikebe mipya, nikaanza kutoa hewa kwa gurudumu lililo mbali zaidi na kitangi, yeye akiwa ndani ya gari. "Kanyaga. Shikilia. Achia." Gurudumu moja baada ya lingine, mpaka mafuta yakatoka safi bila povu. Pedali ikasimama juu, ngumu.

"Sasa iko sawa."

Akanirushia funguo. "Twende Rodi. Wewe ndiye utaendesha."

Nikashika usukani. Tulishuka ule mteremko mara tatu, mimi nikikanyaga breki kwa makusudi mpaka zikaanza kunuka moto, jasho likinitiririka mgongoni. Pedali haikuzama hata mara moja.

Kule chini akaniambia niegeshe. "Kesho nitampitia Mourine saa moja kasorobo," akasema. Nilishusha pumzi. Halafu akaongeza, "Lakini ile chupa ilikuwa nusu, Gichana. Hiyo nusu ingine iko kwa gari za nani?"

Nikatoa simu. Wa kwanza kunijia akilini alikuwa Omondi wa pikapu, ambaye nilimtengenezea breki wiki iliyopita tu, nikamwongezea mafuta ya chupa ile ile. Alipokea akicheka, upepo unavuma kwa simu.

"Fundi! Sema haraka, natoka Ntimaru, nimejaza magunia na watu juu, ndio tunaanza kuteremka."

"Omondi, usitegemee breki," nikasema. "Weka gia ya kwanza sasa hivi. Ukishasimama, nitakuambia nilichokufanyia."