Mguu wa Mtume

Tangu padri atangaze kwamba Philippe atakuwa mmoja wa mitume, yaani wale wanaume kumi na wawili wanaonawishwa miguu kanisani Alhamisi Kuu, nyumba yao pale Bwera, karibu na mpaka wa Congo, ilikuwa haikaliki. Mtu ambaye juzi tu alikuwa sokoni akiuza samaki wa chumvi na kugombana na inzi, sasa alitembea kifua mbele na kukohoa kabla ya kusema. Mkewe Kahambu alimtazama, akasonya moyoni. Mtume! Mtume gani anayekoroma kila Jumapili mpaka misa inakwisha?

Alhamisi yenyewe, alasiri, mtume alikaa uani kwenye kigoda, suruali imekunjwa mpaka magotini, mguu wa kushoto ndani ya karai. Pembeni alikuwa amejipangia vifaa kama daktari: jiwe la mtoni, wembe mpya, nusu ya limau, chumvi ya Katwe na kichupa cha mafuta ya mawese. Viatu vyeusi alivyonunua Kasese vilikaa juu ya gazeti, visije vikashika vumbi.

"Kahambu! Leta mayi ya moto. Hii imepoa."

Kahambu akaleta. Maji hayo alikuwa ameyachota mwenyewe Lhubiriha, mto wa mpakani, akayapandisha kilima kichwani, akayachemsha kwa kuni alizokata mwenyewe. Philippe aliyapokea bila kuinua macho. Alikuwa kazini. Alikisugua kisigino cha kushoto kwa jiwe, akakinusa, akakisugua tena. Alichokonoa uchafu chini ya kucha kwa ncha ya wembe huku ulimi umemtoka nje, akakata ngozi ngumu vipande vipande na kuwatupia kuku. Kuku wakaja mbio, wakaonja, wakaondoka. Kahambu akaona kwamba kuku wale walikuwa na akili.

"Papa Thembo," alisema, akimwita kwa jina la mtoto wao kama adabu inavyotaka, "padiri hananawishaka miguu yote. Ananawishaka..."

"Nyamaza! Mwanamuke atanifundisha mambo ya kanisa? Mutume ni mimi ao ni wewe?"

Kule Butembo baba yake Kahambu alikuwa mtume kila mwaka, na tangu utotoni alijua kwamba padri hunawisha mguu mmoja tu, wa kulia. Alitaka kumsaidia mumewe. Lakini ameambiwa anyamaze, na yeye, jamani, ni mke mtiifu.

"Na kitu ingine," Philippe akaendelea, akijipaka limau. "Leo wewe utabaki nyumbani. Ile benchi ya mbele ni ya bibi za mitume. Geneviève atakaa pale."

Geneviève alikuwa dada yake mdogo.

"Sasa Geneviève ni bibi yako?"

"Geneviève iko na viatu. Wewe angalia miguu yako. Watu watasema nini?"

Kahambu akaiangalia. Visigino vilikuwa vimepasuka, nyufa nyeusi zimeingia ndani. Vilianza kupasuka mwaka ule wa vita, walipoikimbia Congo, naye akambeba mgongoni mama yake Philippe kutoka Beni mpaka mpakani kwa sababu bibi kizee hakuweza tena kutembea. Philippe alikuwa ametangulia na baiskeli. Alikuwa anaokoa samaki.

Benchi lile Kahambu alilitaka. Alilitaka kuliko viatu, kwa kuwa mama yake alilikalia la Butembo miaka yote, na watu walipopita walimwinamia kichwa. Akaingia jikoni asije akasema neno.

Kushughulikia mguu wa kushoto kulichukua muda wote uliobaki. Ulipokamilika, uling'aa kwa mawese, laini kama wa mtoto mchanga. Wa kulia ulikuwa bado vilevile, na matope ya wiki nzima na funza wake kwenye kidole gumba.

"Mayi ingine!"

"Imekwisha."

"Enda mutoni!"

"Kengele inalia, papa Thembo. Nikienda mutoni, nitakuta misa imekwisha."

Philippe akatukana, akaufuta mguu wa kulia kwa kitambaa, akauficha ndani ya soksi. Padri akiona ule wa kushoto, alisema, hata hatauangalia wa pili. Akaondoka akiringa.

Alipokwisha kutoweka njiani, Kahambu akakifukua chungu alichokuwa amekifukia kwenye majivu. Maji yalikuwa bado ya moto. Alikuwa amejiwekea mwenyewe tangu asubuhi. Akakalia kigoda cha mtume, akachukua jiwe la mtume na chumvi ya mtume. Chumvi ilipoingia kwenye nyufa, machozi yalimtoka, akamtukana Philippe kwa majina yake yote na kuendelea kusugua. Nyufa hazikwisha, lakini zilitakata. Akamalizia mawese yaliyobaki.

Kanisani alipita katikati ya watu, miguu mitupu, mpaka benchi la mbele.

"Sogea," akamwambia Geneviève. Geneviève akamtazama usoni, akasogea.

Padri alipomfikia Philippe, mguu wa kushoto ulikuwa umeshanyooshwa, vidole vimetanuliwa. Padri akasubiri na jagi lake.

"Wa kulia, mzee."

Philippe akajitia hasikii.

"Wa kulia."

Soksi ikavuliwa polepole. Harufu ikafika benchi la mbele, Geneviève akajiziba pua kwa kitambaa. Maji yalidondoka kwenye beseni yakiwa na rangi ya chai, na padri akaomba jagi la pili. Watu wakaanza kukohoa, na wale wa nyuma wakasimama waone. Philippe akatafuta mahali pa kuweka macho yake, yakaangukia miguu ya mkewe sakafuni, yote miwili safi. Kahambu hakuificha.

Kurudi nyumbani Philippe alitembea nyuma ya mkewe, bila kukohoa. Walipofika uani akamwita.

"Kahambu. Ulisema mayi imekwisha. Sasa hiyo ya miguu yako ulitoa wapi?"

"Mutoni," Kahambu akamjibu. "Inatokaka kule kila siku."

Tangu waoane, ilikuwa mara ya kwanza Philippe kuuliza maji hutoka wapi. Kahambu akamnyooshea ndoo tupu, ili kesho aende akaone mwenyewe.