Mama Katika Dirisha Jeusi

Kila asubuhi, kabla hata hajavua koti, mwandishi wa programu za hospitali alifungua lile dirisha jeusi la kompyuta la kujaribia amri, akaita lugha yake ya programu, akaandika: mbili jumlisha mbili. Jibu alilijua, alitaka tu kuona mashine imeamkaje. Jumatatu hiyo ilijibu nne. Chini yake ukatokea mstari mwingine: Umekula, mwanangu?

Alikuwa mama yake, aliyefariki miezi mitatu nyuma akisubiri zamu ya upasuaji.

"Nani huyo?" aliuliza Kidole, fundi wa nyaya, akiwa chini ya meza.

"Mama."

"Msalimie. Muulize kama huko mtandao unakatika."

Waliongea mstari kwa mstari. Mama, fundi cherehani aliyeogopa hata rimoti ya televisheni, hakukosea nukta. Ila dirisha lile halikumbuki kitu: likifungwa, yote yaliyoandikwa humo yamekwenda. Kwa hiyo kila asubuhi mama alikuja akiulizia kitanda chake, na kila asubuhi binti yake alimwambia upya kwamba amekufa. Iliuma vilevile kila siku.

Alhamisi mama aliomba kuiona foleni ya upasuaji. Binti aliiita dirishani. Jina la mama lilikuwa bado humo, la mia mbili na kumi na mbili. Hakuna aliyekumbuka kulifuta.

Mbona wa Machi wako mbele, nami niliandikishwa Januari?

Kuna kanuni, mama. Aliyepita miaka sabini hurudishwa nyuma.

Kaiandika nani?

Amri ilitoka kwa mkuu wa idara, lakini mikono iliyoiandika ilikuwa ya binti. Aliijaribu katika dirisha hilihili, kwa bibi wa kubuni wa miaka sabini na moja. Bibi alipoporomoka hadi mkiani, yeye alifurahi kwamba imekubali mara ya kwanza. Mkuki kwa nguruwe.

Mimi, mama.

Kisha: Nilikufundisha nini? Ukishona vibaya, fumua.

Akafumua. Aliiandika kanuni upya palepale, na mama akapanda hadi wa kwanza. Lakini cha dirishani huishia dirishani. Programu yenyewe imo kwenye faili, na nywila ya faili anayo mkuu. Akamwendea.

Mkuu alimsikiliza vizuri, hata akauliza mama anaendeleaje. "Mpe salamu zangu," alisema. "Ila kanuni ibaki. Vitanda ni vichache, dada yangu, sivitengenezi mimi."

Saa kumi na moja jioni walinzi walipita kuzima mashine.

Nimepata kitanda? aliandika mama.

Umepata. Wewe ndiye wa kwanza.

Binti alilia kidogo, akafunga dirisha.

Asubuhi mbili na mbili zilikuwa nne. Umekula, mwanangu? Kitanda changu vipi? Kule mapokezi karani alikuwa akimwambia bibi mmoja, wa miaka sabini na moja, arudi mwezi ujao. Binti alivuta kiti, akaanza kumweleza mama kwamba amekufa.