Mambo ya Nyumbani

Mbunge Zahari Draganov alishangiliwa bungeni mjini Sofia siku alipotetea sheria ya kuwakataza walimu kuzungumzia mapenzi ya jinsia moja darasani. "Mambo hayo yana mahali pake," alinguruma, "nayo ni nyumbani!"

Miezi michache baadaye mjukuu wake Elitsa alikuja kwake kula banitsa, pai ya jibini, lakini hakuigusa.

"Mbona huli, mjukuu wangu?"

"Plamen wa darasani kwetu ameacha shule, babu. Walikuwa wakimzomea kila siku eti anapenda wavulana."

"Mwalimu alikuwa wapi?"

"Alikuwepo. Aliogopa sheria yako."

Zahari alisogeza kiti karibu. "Basi tuzungumze sisi, hapa nyumbani."

Elitsa alicheka kicheko kikavu. "Hapa? Babu, hapa ndipo tulipofundishwa kunyamaza."

Asubuhi yake Zahari alikwenda kwa kina Plamen. Mama mtu alifungua mlango nusu, akamtambua. "Umechelewa, mheshimiwa. Nimempeleka kwa shangazi yake Ujerumani."

Zahari, ambaye bungeni hakukosa neno hata siku moja, alivua kofia, akatafuta la kusema, asilipate. Mlango ukafungwa taratibu.