Kioo cha Saa ya Baba

Usingizi unamchukua Stamili adhuhuri, paji la uso limeegemea kamera, mbele ya saa ya mkononi ya marehemu baba yake. Kazi yake ni kuwapigia wauzaji picha za saa za thamani, kwa karibu mno, hadi kijisumari kinachoshika mishale kionekane kama mnara, na katika kila picha hufuta vivuli vilivyoingia kwenye kioo ili mnunuzi aone saa peke yake. Leo, katika picha ya saa ya baba, ameona kiooni kivuli cha mwanamume aliyesimama nyuma yake, na chumbani hamna mtu. Amekifuta. Sasa anainua kichwa, kioo kimekuwa mlango, anavuka, anajikuta kwenye barabara inayozunguka na kurudi ilikotoka, kandoni nyumba za vioo, na ndani ya kila nyumba barabara ileile na Stamili mwingine akitembea. Watu wanapita. Hawana nyuso, ni ngozi laini tu, kama ganda la yai. Mmoja wao, mwenye kanzu iliyopigwa pasi, anaandamana naye. Shikamoo, anasema Stamili kwa woga, hapa ni wapi? Marahaba, mwanangu, hapa tunakaa tuliofutwa. Na nyuso zenu ziko wapi? Muulize aliyetaka kioo kisafi. Sauti hiyo anaijua. Baba, nimeisahau sura yako, picha zako zote zilikwenda na mafuriko, imebaki saa tu. Basi nipige picha, Sta. Anainua kamera, anasogea, jicho linachomoza, anasogea tena, jicho linazama na mdomo unakuja, mdomo unapotea na kubaki kidevu. Ukikaribia sana unapata nini, mwanangu? Kipande, baba. Na ukirudi nyuma? Anarudi nyuma, hatua kwa hatua, na uso unajikusanya, macho, pua, mdomo, pengo la jino la mbele alilokuwa akilicheka utotoni, baba mzima anamtazama, na Stamili anatambua kisigino chake kimeshagusa kizingiti cha ule mlango wa kioo. Baba, njoo. Nikija hutaniona. Anabonyeza.

Yuko mezani, shingo inamuuma. Stamili, wali unapoa, mama anaita, kisha anaingia na kumwekea mkono begani. Mkono una joto, unanukia kitunguu. Stamili anaushika kwa nguvu, lakini hageuki, hathubutu, hajui bado yuko upande gani wa kioo, na mama amesimama pale nyuma, anangoja atazamwe.