Akaunti ya Nani?

Huw alikuwa keshaamua: wanahama ruzuku ya zamani ya serikali, wanaingia ile mpya, maana inalipia sehemu kubwa zaidi ya ada ya chekechea. Kidole kilishakaribia simu pale Glenys, mkewe, alipoacha vyombo na kumdaka mkono.

“Ngoja, bwana we! Ukibonyeza hapo hakuna kurudi. Ile ya watoto, inayoingia kwangu kila wiki, itaingia wapi?”

“Hii mpya wanalipa yote kwa mkupuo, mwezi hadi mwezi, akaunti moja nyumba nzima.”

“Ya nani?”

Huw akajikuna kisogo. “Nimeshaandika yangu. Si mimi baba wa nyumba hii?”

Glenys akajifuta povu taratibu, akavuta kiti. Kuhama hakukumtia hofu. Alishakwenda mwenyewe kuuliza kwa washauri wa ruzuku pale maktaba ya mji wao, Merthyr, akaona faida iko.

“Futa. Andika yangu, tuhame hata sasa hivi.”

“Kwani mke wangu huniamini?”

“Wewe nakuamini sana, Huw. Nisiowaamini ni wale farasi unaowawekea dau kila Jumamosi.”