Kipeo Kwenye Orodha ya Marehemu

Faili la Kipeo nililichoma mimi. Naanza na hilo ili mtu asije akanisemea.

Msinirukie kwanza, nieleze. Nafanya kazi masijala ya chuo kilekile nilichosoma. Bosi aliyetangulia alituachia utaratibu wake: kila mwaka tunawatumia wahitimu barua ya salamu. Asiyejibu miaka mitatu mfululizo anahamishiwa orodha ya marehemu, na faili lake linachomwa ili makabati yapumue. Kwamba watu huhama na kubadili anwani, nani alijali? Mimi ndiye nilikuwa hodari wa kazi hiyo. Nilisifiwa hadi kwenye kikao, kichwa kikanivimba.

Jumatano moja asubuhi marehemu akaja dirishani kwangu kwa miguu yake.

"Redio," akaniita.

Jina hilo nilipewa darasani kwa sababu ya mdomo wangu, na nilikuwa sijalisikia miaka ishirini na miwili. Kumbe Kipeo, mvi tele, shati limenyooshwa kwa pasi utadhani anaenda kuoa. Tulimwita Kipeo kwa ajili ya hesabu zake. Mtihani wa mwisho nisingeupita asingekaa na mimi wiki nzima kwenye ngazi za maktaba akinifundisha upya. Tukacheka, tukaulizana habari za watoto, kisha akatoa shida yake. Ni mwalimu, na kazini kwao wanahakiki vyeti. Chake kiliungua pamoja na nyumba. Anataka barua ya chuo tu, kwamba alisoma hapa akahitimu. Mwisho ni Ijumaa. Bila barua atahesabiwa kuwa alighushi, na kazi ndiyo imekwisha.

"Dakika kumi tu," nikamwambia. "Kaa hapo."

Kabatini hakuna kitu. Nikafungua orodha ya marehemu, nikamkuta, na pembeni yake saini yangu. Nikakimbilia kitabu cha mahafali cha mwaka wetu. Paa lilivuja mwaka juzi, na kurasa za sayansi zilikuwa zimegandana kama mkate uliolowa. Nilijaribu kuzibandua kwa rula, zikachanika mikononi mwangu.

Nikaingia kwa bosi bila kubisha hodi. "Nilikaa naye dawati moja miaka mitatu," nikamwambia. "Niapisheni."

"Nakuamini, dada yangu," akasema, na naona kweli aliniamini. "Lakini nikiandika kwa sababu wewe umesema, kesho kila mtu ataleta rafiki yake aape." Akaniagiza niandike ile barua ya kawaida, ya watu tusiowaona kwenye kumbukumbu.

Nilibishana naye mpaka sauti ikanikauka. Hakukasirika, hakubadilika. Basi nikarudi mezani nikachapa: chuo hakina kumbukumbu yoyote ya mwanafunzi huyu. Ningeweza kukataa kusaini. Sikukataa, nami nina watoto wanaokula. Nikagonga na muhuri.

Nilimkabidhi Kipeo, nikamweleza yote, hata habari ya saini. Nilitaka anitukane, ingenipunguzia. Yeye aliisoma taratibu hadi mwisho, kama anayesahihisha daftari.

"Hizo barua zenu za salamu," akauliza, "mlikuwa mnaandika nini?"

"Kwamba chuo bado kinakukumbuka."

Akaitikia kwa kichwa. Nilijisikia vibaya mpaka nikashindwa kumtazama.

Nikamsindikiza nje. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza walikuwa wamepanga foleni kujiandikisha. Wasichana watatu wakachomoka kwenye foleni wakaja mbio.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, wanangu."

Mmoja akanigeukia. "Mama, huyu ndiye alitufundisha hesabu. Bila yeye tusingefika hapa." Kisha akamuuliza, "Umefuata nini huku, mwalimu?"

Kipeo aliikunja ile barua mara mbili, akaitia mfuko wa shati. "Nimekuja kusalimia tu. Hiki ndicho chuo changu."

"Kumbe ulisoma hapahapa?"

Kipeo akanitazama mimi.

"Alisoma," nikasema. "Alikuwa wa kwanza darasani."

Wakafurahi, wakataka picha naye mbele ya jengo. Wakamweka katikati, naye akasimama wima, kiganja kimefunika mfuko wa shati. Simu wakanipa mimi niwapige.