Ruhusa ya Kumpiga Kumbo Mkwe

Anayefunga bao hubebwa mabegani. Anayezuia bao huulizwa kwa nini jezi yake ina matope. Mimi Zubeir, mtu wa Mambrui, nilikuwa mwalimu wa hesabu kwa mshahara na mwalimu wa mabeki kwa mapenzi, katika chuo kimoja cha ualimu hapa Malindi, miaka sita mfululizo. Mafowadi walifundishwa na mwenzangu Njoroge. Mtu mwema, simsengenyi, lakini tukishinda mikono yote ilimwendea yeye, na tukifungwa macho yote yalinigeukia mimi.

Mwaka wa 1986 tulifika mechi ya mwisho ya kombe la vyuo tukiongoza kwa pointi moja. Sare ingetutosha. Siku tano kabla, mkuu wa chuo, Bwana Gerishom, aliniita ofisini. "Mwalimu," akasema huku akikoroga chai, "mabeki wako wanavuja. Kombe hili likitupita, mabeki nampa Njoroge, nawe utabaki na chaki yako."

Nilitoka masikio yakiniwaka. Wallahi, angeninyang'anya hesabu ningempa mkono wa shukrani. Lakini mabeki wangu? Nilijua nani anakoroma, nani ana kidole kibovu, nani hachezi vizuri akila maharagwe. Hiyo ndiyo kazi niliyoipenda duniani, na sikuwa tayari kuiachia kikombe cha chai.

Wiki ile niliwafunga mabeki wanne viunoni kwa kamba moja ya makumbi, hatua chache baina ya mtu na mtu, wakapanda pamoja na kurudi pamoja. Mmoja akikurupuka, watatu wanaanguka. Wanafunzi walikuja kutucheka, nikawaacha wacheke mpaka wachoke. Hatari ya wapinzani niliijua: mzee Fondo wa Tezo, miaka arobaini na miwili, mmoja wa wale walimu waliofundisha miaka mingi bila cheti kisha wakapelekwa vyuoni kusoma na vijana. Tumbo analo, lakini mguu wake wa kushoto ulikuwa na akili kuliko nusu ya darasa langu. Nikampangia Kenga, kijana wa Ganda, beki wangu bora.

Siku ya mechi, mpira wa kwanza ukamfikia Fondo. Akaja nao taratibu. Kenga akainamisha macho, akasogea kando, akampisha kama anayemkaribisha mgeni sebuleni. Bao. Nikasema labda ameteleza. Mara ya pili akampisha vilevile, mpira ukagonga mwamba. Wapinzani wakaona mlango u wazi, basi kila mpira ukapelekwa kwa Fondo. Nilipiga kelele mpaka kofia ikaanguka.

"Mwalimu, kamba imekatika?" Njoroge akaniuliza. Jibu nililokuwa nalo halikufaa mbele ya watu, nikalimeza. Kwa haki yake, mafowadi wake walirudisha lile bao karibu na mapumziko. Tukawa bao moja kwa moja.

Filimbi ilipolia nilimvuta Kenga kando. "We bwana, una nini leo? Unataka niuze mbatata?"

"Mwalimu, yule ni babake Zipporah."

"Zipporah gani?"

"Mchumba wangu. Wazee wetu walipeleka posa mwezi uliopita, na jibu bado." Akanitazama kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye mwenye shida. "Nitampigaje kumbo baba mkwe?"

Hasira zote zikaniishia. Maana kijana alikuwa na haki. Mimi mwenyewe, nikimwona babake mke wangu njiani, nashuka baiskeli. Mambo ya maharagwe nilimuuliza, lakini hili la posa sikuliuliza. Kosa langu. Kumhamisha upande hakungefaa, kwa kuwa Fondo angemfuata huko huko. Nikaweka kofia yangu sawa, nikamshika Kenga mkono, tukakatiza uwanja mzima, watu wote wakitutazama, hadi walipokuwa wapinzani wetu wakila machungwa.

"Hodi," nikasema, ingawa mlango haukuwapo.

"Karibu," akaitika Fondo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Nikachuchumaa mbele yake. "Mzee, leo nimekuja kama mshenga. Kijana huyu anakuheshimu, na heshima hiyo imemfunga miguu. Nakuomba umpe ruhusa, dakika arobaini na tano tu, akuone fowadi. Filimbi ya mwisho ikilia, wewe ni baba yake tena."

Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka. Akamaliza chungwa lake, akatema mbegu moja moja. "Mwalimu, unajua unaniomba nini? Unaniomba nishindwe."

"Naam. Kwa adabu zote."

Akamgeukia Kenga. "Nilikuwa nimeanza kuingiwa na wasiwasi juu yako. Nikasema, huyu hazuii kitu, mwanangu atamlinda vipi? Ruhusa nimetoa. Na mimi sitakuhurumia."

Kipindi cha pili Fondo akaja na mpira wake. "Shikamoo, baba," akasema Kenga, akauchukua. "Marahaba," ikajibu sauti kutoka chini kwenye nyasi. Mara ya pili ikawa hivyo hivyo. Kufikia mara ya tano watazamaji wote walikuwa wakiamkia pamoja naye, na refa hajui acheke au apulize. Mimi nilicheka hadi mbavu zikauma, na roho juu, kwani sare ni kitu chembamba sana.

Dakika ya mwisho Fondo alichomoka. Golikipa alikuwa ameshatoka, lango tupu. Kenga akamfukuza, akajirusha, akaugusa mpira ukatoka nje, nao wawili wakabiringika vumbini. Refa akaonyesha kona.

Fondo akabaki chali. "Mara hii hukuniamkia," akasema.

"Samahani, baba. Sikuwa na pumzi."

"Marahaba hata hivyo," akasema mzee, akanyoosha mkono ainuliwe.

Kona haikuzaa kitu, filimbi ikalia, kombe likawa letu. Fondo akanijia akichechemea. "Mshenga haachi kazi nusu. Jumapili uje Tezo na watu wake Kenga, mchukue jibu. Na mje na njaa."

Nyuma yake alikuwa Bwana Gerishom. "Mwalimu, yule kijana kipindi cha kwanza alikuwa na ugonjwa gani?"

"Adabu, bwana mkubwa."

Akafikiri kidogo. "Basi endelea na mabeki wako. Lakini siku nyingine uulize mapema."

Nikaitika naam, nikageuza uso, maana machozi yalikuwa yamefika kidevuni na sikuweza kuyazuia, mimi fundi wa kuzuia. Mwaka uliofuata beki mpya alipoletwa kwangu, kabla sijamwonyesha mpira nilimkalisha chini nikamuuliza: "Wewe umeposa wapi?"